Kipara kinachopendwa na kipara kinachoua: historia fupi ya tairi, kutoka Mazinde

Wiki hii nataka tuzungumze habari za upara. Usikimbie, ndugu msomaji, sizungumzii vichwa vya waheshimiwa wetu. Nazungumzia upara wa matairi.

Swali langu ni dogo tu. Je, kuna mahali popote duniani ambapo tairi lililokwisha meno linapendwa kuliko tairi jipya? Ukimuuliza trafiki wa Mombo atakushangaa. Lakini jibu ni ndiyo. Huko Marekani na Uingereza kuna watu wenye kazi zao za kawaida, wahasibu, walimu, mafundi wa kompyuta, ambao mwisho wa wiki huchukua magari yao ya kwendea kazini na kuyapeleka kwenye viwanja vya mbio za magari. Wanalipa kiingilio, wanavaa kofia ngumu, wanazunguka uwanja kwa kasi kadiri moyo unavyotaka. Watu hawa wanajua siri moja: tairi la kawaida la barabarani lililolika, likiwa kwenye lami kavu ya uwanjani, linashika kuliko ndugu yake aliyetoka dukani jana.

Wengine wanakwenda mbali zaidi. Wananunua matairi mapya, halafu wanalipa fundi mwenye mashine ya kunyoa ili ayapunguze meno kabla hayajagusa barabara. Soma tena sentensi hiyo. Mtu analipa fedha ili tairi lake jipya lizeeke!

Sasa, niliposoma habari hizi nilikumbuka kauli ambayo sisi tuliozoea njia ya Tanga na Moshi tumeisikia sana. Abiria akilalamika kuwa tairi la gari limekwisha, konda humjibu kwa kujiamini: "Acha woga, dada, kipara ndiyo kinashika lami." Je, konda ana haki? Je, sisi ndio washamba tunaolalamika bure? Ili kumjibu inabidi turudi nyuma kidogo. Na nitaanzia Mazinde.

Mji ulioishi kwa njia

Mazinde unaijua? Wengi wetu tunaipita tu. Ukitoka Mombo kuelekea Mkomazi na Same, unaiona pale chini ya ukuta wa milima ya Usambara, mkonge mkononi huku, jiwe na msitu mkononi kule. Hiyo ndiyo Mazinde ya bondeni, iliyo Wilaya ya Korogwe. Juu ya milima, upande wa Lushoto, kuna Mazinde Juu, ambako wengi mnakujua kwa sababu ya shule ya wasichana ya St. Mary's.

Lakini miaka 150 iliyopita Mazinde haikuwa mahali pa kupita tu. Ilikuwa makao ya mtu mkubwa. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa aliyetawala kutoka Vuga, alifariki mwaka 1862. Baada yake ukaja ugomvi wa urithi, na mshindi wa ugomvi ule alikuwa mwanawe aitwaye Semboja. Ajabu ni kwamba Semboja hakutaka kukaa Vuga, kwenye kiti cha baba yake kule mlimani. Alimweka mwanawe Vuga, yeye akabaki bondeni, Mazinde.

Kwa nini? Kwa sababu ya njia. Misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro kutafuta pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa, ilipita chini ya milima hii. Semboja aliona mapema jambo ambalo wafalme wa mlimani hawakuliona: nguvu ilikuwa imehama kutoka kwenye mvua na matambiko kwenda kwenye biashara na bunduki, na vyote viwili vilipita njiani. Aliyekaa njiani ndiye aliyetawala.

Njia ile ilipitwa kwa nyayo za watu. Gurudumu lilikuwa bado. Wapagazi walibeba mizigo kichwani na begani, na kama kuna kitu kilicholika kwa safari, ni unyayo wa binadamu. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Ilipita hapo hapo, chini ya milima, ikifuata njia ya wapagazi. Barabara kuu ya lami ya leo nayo inafuata bonde lile lile. Nyayo, chuma, mpira: vitu vitatu, njia moja.

Tairi lilizaliwa na upara

Tuje sasa kwenye tairi lenyewe. Mwaka 1888, wakati pwani yetu ikichemka kwa vita vya Abushiri, na Wajerumani wawili, Hans Meyer na mwenzake Oscar Baumann aliyekuwa Mwaustria, wakikamatwa na watu wa Abushiri baada ya safari yao ya Usambara na kuachiwa kwa fidia (haya, huyo Baumann asiitwe Mjerumani, tuseme Wazungu wawili), mwaka huo huo kule Belfast daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alisajili ugunduzi wa tairi la kujazwa upepo. Alikuwa amelitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe.

Mwaka 1895 ndugu wa familia ya Michelin wa Ufaransa waliingiza kwenye mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi gari lenye matairi ya upepo. Walipata pancha nyingi mno, na aliyetangulia kufika, Émile Levassor, alitumia matairi ya mpira mgumu usio na upepo. Watu waliwacheka. Lakini baada ya miaka michache hakuna aliyecheka tena.

Jambo ninalotaka ulishike hapa ni hili: matairi yale ya kwanza hayakuwa na meno. Yalikuwa laini kama yai. Yaani kipara si ugonjwa wa uzeeni tu, ni hali ambayo tairi lilizaliwa nayo! Madereva walipoanza kuteleza kwenye matope ya Ulaya walifunga juu ya tairi ngozi zilizopigwa misumari. Ndipo mwaka 1904 kampuni ya Continental ya Ujerumani ilipotoa tairi la gari lenye mistari, na miaka michache baadaye Wamarekani wa Goodyear na Firestone wakafuata. Meno ya tairi yaliletwa na mvua. Kwenye ukavu hakuna aliyeyahitaji.

Shika hilo, tutarudi kwake.

Mpira wa nyumbani

Wengi wetu tunadhani tairi ni kitu cha kigeni tangu mwanzo hadi mwisho. Si kweli. Wajerumani walijaza mashamba ya mpira nyuma ya Tanga na Muheza, kwenye miguu ya Usambara Mashariki. Hawakupanda ule mpira mkubwa wa Brazili na Malaya. Walipanda jamaa wa muhogo, mti ambao watu wa Tanga wanauita mpira hadi leo. Kama umewahi kula kisamvu cha mpira, umekula majani ya historia hiyo. Bei ya mpira ilipanda sana karibu na mwaka 1910, kwa sababu magari yalikuwa yanaongezeka Ulaya na Marekani. Kisha mwaka 1913 mpira wa bei nafuu kutoka Asia ukamwagika sokoni, na mashamba ya huku yakafa karibu kwa mkupuo. Mkonge, ambao Dakta Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, ukabaki mfalme wa Tanga. Mazinde nayo ikawa mkonge.

Mpira uliachwa ukawa pori. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Malaya na Waingereza wakakosa mpira wa vita. Basi Serikali ya Tanganyika ikafufua yale mashamba ya Wajerumani yaliyokuwa yameachwa, na watu wakakamatwa kwa nguvu kwenda kugema utomvu. Tairi la lori la jeshi lililokwenda vitani lilikuwa na jasho la mtu wa Bara aliyetolewa kwao bila hiari. Na magari ya huku nyumbani? Yalitembelea vipara, kwa sababu tairi jipya lilikuwa la jeshi.

Baada ya uhuru tulijaribu kutengeneza letu. Kampuni ya General Tyre East Africa iliundwa mwaka 1969, ikawa na kiwanda Arusha. Serikali ilikuwa na hisa asilimia 74, zilizobaki zikiwa za Wamarekani wa General Tire, ambao baadaye walinunuliwa na Continental. Mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Morogoro, yalikusudiwa kulisha kiwanda kile. Ukifikiri vizuri, ilikuwa ndoto nzuri: utomvu wa Muheza, tairi la Arusha, lori la Mazinde. Mwishoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulisimama. Ahadi za kukifufua tumezisikia bungeni zaidi ya mara moja.

Mbio za kuzunguka na mbio za kwenda

Sasa turudi kwa wale jamaa wa viwanjani. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na viwanja vya mbio. Kule Kenya, kwenye Bonde la Ufa, walowezi walikuwa wakishindana kwenye uwanja wa Langa Langa. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil alimwomba binamu yake Neil Vincent aje kushindana huko, naye akakataa, akisema hakuna jambo linalochosha kama kuzunguka mahali pale pale. Akasema kama kutakuwa na mashindano ya kuingia garini, kwenda nusu ya Afrika na kurudi, hayo atashiriki.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Safari, mwaka 1953, kwa kisingizio cha kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na nadhani kauli ya Vincent, hata kama ilikuwa ya mzaha, inatenganisha vitu viwili ambavyo konda wetu anavichanganya. Kuna mbio za kuzunguka na kuna mbio za kwenda. Anayezunguka anaijua kila kona, anaipita mara ishirini asubuhi moja. Anayekwenda hajui nyuma ya kona kuna nini.

Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka yetu mnajua ni masika. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Hakuna aliyethubutu kwenda kwenye tope lile na kipara. Matairi ya Safari yalikuwa na meno makubwa kama ya trekta. Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell kwenye Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Watu hawa walisifiwa kwa kasi, lakini ukisoma habari zao unaona walichojua zaidi ni kutunza gari. Kwenye orodha ya watu 7 waliofika, ufundi wa kufika ulikuwa mkubwa kuliko ufundi wa kukimbia.

Wakati huo huo, Ulaya na Marekani, mbio za kuzunguka zilikuwa zinakwenda upande wa pili kabisa. Mwaka 1971 magari ya Formula One yalianza kutumia matairi yasiyo na mstari hata mmoja. Vipara vya makusudi, kutoka kiwandani! Yakawa na kasi ya kutisha kwenye kona. Mwaka 1998 wakubwa wa mchezo walipotaka kupunguza kasi ile, walifanya nini? Waliamuru matairi yachongwe mifereji. Yaani waliweka mistari ili tairi lishike vibaya zaidi. Mwaka 2009 vipara vikarudishwa. Na mvua ikinyesha, kila gari linakimbilia ndani kubadilisha, linavaa tairi lenye mifereji mirefu.

Kwa nini kipara kinashika?

Maelezo yake si magumu. Tairi jipya la gari dogo lina meno ya kina cha karibu milimita 8. Kila jino ni kipande cha mpira kilichosimama peke yake. Ukikata kona kwa kasi, vipande vile vinajipinda, kama bustani ya nyasi ndefu ikipigwa na upepo. Kujipinda kunaleta joto, joto likizidi mpira unakuwa kama ubani uliotafunwa, na tairi linaanza kuteleza na hata kumeguka. Meno yakiwa mafupi hayajipindi sana. Tena mahali palipokuwa na mfereji sasa pana mpira, kwa hiyo mpira mwingi zaidi unagusa lami. Ndiyo maana jamaa wa uwanjani anahifadhi matairi yake yaliyolika na kuyatumia siku ya mbio badala ya kuyatupa.

Kwa hiyo konda ana haki?

Ana nusu ya haki, na nusu ya haki ndiyo inayoua.

Kwanza, yule mzungu wa uwanjani anatumia kipara siku ya ukavu. Mvua ikianza anatoka, au anabadilisha tairi. Kazi ya mifereji ya tairi ni kuyapa maji pa kupita. Maji yasipopata njia yanajikusanya mbele ya tairi, tairi linapanda juu yake kama mtumbwi, na hapo usukani na breki vinakuwa mapambo. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 32. Inaanzia kwenye joto la bondeni, mita 400 hivi juu ya bahari, inapanda kwa kona za Soni hadi karibu mita 1,400. Chini jua kali, juu ukungu na manyunyu, na mahali pengine udongo mwekundu umeteremka kutoka kwenye mashamba ukajipaka juu ya lami. Dereva anaanza safari kwenye ukavu na kuimaliza kwenye utelezi. Hana mahali pa kuingia kubadilisha tairi.

Pili, kuna kipara kibichi na kipara kizee. Tairi la uwanjani limelika haraka, kwa miezi, na mpira wake bado ni laini. Tairi la kwetu limelika kwa miaka. Mpira unaochomwa na jua mwaka hadi mwaka unakauka, unakuwa mgumu, unapasuka mipasuko midogo kama kisigino wakati wa kiangazi. Kipara cha namna hiyo hakishiki lami hata siku ya ukavu. Kinateleza juu yake.

Tatu, yule wa uwanjani anakimbia dakika ishirini, anasimama, anapima upepo, anagusa tairi kwa kiganja. Gari lake limebeba mtu mmoja. Tairi la basi linabeba watu na magunia, kutwa nzima, kwenye lami ya Mkomazi inayounguza. Mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba. Jiwe moja, shimo moja, au upepo uliopungua tu, linapasuka.

Nne, na hili linauma zaidi: yule wa uwanjani amechagua. Ameweka sahihi. Abiria wa Mazinde anayesimamisha gari akiwa na mtoto mgongoni na ndoo ya nyanya hakuulizwa.

Wao wananyoa, sisi tunachonga

Nilipokuwa Mombo nilikaa kwa muda kwenye kibanda cha fundi pancha, mzee mmoja aliyeanza kazi enzi za shida, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nilimwamkia, nikamweleza habari za Wamarekani wanaolipa kunyoa tairi jipya. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Mjukuu wangu," akasema, "wao wananyoa, sisi tunachonga."

Akanieleza. Enzi zile, baada ya vita vya Kagera, nchi haikuwa na fedha za kigeni na kupata tairi jipya kulihitaji kibali au kufahamiana na mtu. Tairi likiisha, fundi anapasha kisu moto na kuchonga mifereji mipya kwenye mpira uliobaki. Kwa macho, tairi linaonekana lina meno. Trafiki akipita anaridhika. Lakini kisu kimekula mpira uliokuwa unalinda nyuzi, na tairi limekuwa jembamba zaidi kuliko lilivyokuwa likiwa kipara. Nikamuuliza kama bado watu wanaleta kazi hiyo. Hakunijibu moja kwa moja. Alisema tu kwamba shida haijaisha, imebadilisha nguo.

Nimeifikiria sana tofauti hiyo. Yule ananyoa ili apate ukweli: tairi linashika kiasi gani, na anajua limebaki kiasi gani. Huyu anachonga ili afiche ukweli. Kisu ni kimoja, kusudi ni mbalimbali.

Na tusimlaumu fundi peke yake, wala dereva. Dereva wa gari la abiria anatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Kinachozidi ndicho chake. Tairi si lake, hesabu ni yake. Tajiri naye anasema tairi lina siku mbili tatu bado. Ulaya wameweka kipimo tangu mwaka 1992, milimita 1.6, chini ya hapo tairi halifai barabarani. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakataza kuingiza matairi yaliyotumika ya magari madogo. Sheria zipo. Lakini sheria inasimama pembeni ya barabara ikiwa na sare nyeupe, na tajiri amekaa nyumbani.

Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, kwenye njia hii hii inayopita Mazinde, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto. Watu zaidi ya 35 walikufa, wengine wakiungua kiasi cha kutotambulika. Taarifa ya awali ya serikali ilisema tairi la basi lilipata hitilafu na dereva akashindwa kulimudu gari. Sisemi lilikuwa kipara. Taarifa haikusema hivyo. Ninachosema ni kwamba mpira wenye upana wa kiganja ndio unaosimama kati ya abiria na kaburi, na ni mara chache sana sisi abiria tunainama kuutazama.

Mwisho wa tairi

Kuna kazi moja ambayo kipara cha kwetu kinaifanya vizuri kuliko cha mahali popote. Nenda gulio la Mombo au Mkomazi uone. Fundi anakata tairi, anapima mguu, anapiga misumari, unatoka na katambuga. Wafugaji wa Kimaasai wa bonde la Mkomazi wanatembea nazo juu ya miiba siku nzima. Kenya wanaziita akala. Tyubu nazo zinakatwa kuwa mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli na bodaboda. Kile ambacho Ulaya ni taka, hapa ni kiatu cha miaka mitano.

Naona kuna hekima hapo. Njia ya Semboja ilianza kwa nyayo za wapagazi, na tairi lililomaliza kazi yake linarudi kuwa unyayo. Fundi katambuga ndiye mtu anayelitazama tairi kipara na kuliita kwa jina lake: hili halifai tena kubeba gari, linafaa kubeba mtu mmoja anayetembea.

Kwa hiyo, konda wangu, nimekujibu. Kipara kinashika lami, ni kweli, kikiwa kibichi, kwenye uwanja mkavu, chini ya mtu mmoja aliyevaa kofia ngumu na aliyelipa mwenyewe kuhatarisha shingo yake. Kona za Soni si uwanja huo. Siku nyingine dada yule akilalamika, usimwambie aache woga. Shuka naye, mtazame tairi pamoja.

Na wewe msomaji, kabla hujapanda gari lijalo, inama kidogo. Haigharimu hata senti. Tafakari.